Nyumba Iliyochomwa Kutafuta Ukweli

Oktoba 1990, nyumba moja ya Lime Street mjini Jacksonville, Florida, iliteketea na watu sita wakafa ndani. Mwanamume aliyeishi humo alinusurika. Alieleza kuwa moto ulianzia kwenye kochi, mtoto akichezea kiberiti. Wachunguzi hawakumwamini: sakafuni palikuwa na madoa meusi yaliyotapakaa kana kwamba kuna kitu kilimwagwa, na moto ulikuwa umekwenda mbio mno. Kwa mazoea ya kazi yao wakati ule, hiyo ilikuwa petroli. Akashtakiwa kwa mauaji, na hukumu ya kifo ikawa inamngoja.

Upande wa mashtaka uliwaita wataalamu John Lentini na John DeHaan wauthibitishe ushahidi. Jirani na pale palikuwa na nyumba iliyofanana na ile iliyoungua, nayo ilikuwa ibomolewe. Wakaitandika zulia na kuiwekea kochi la aina ileile, kisha wakalitia kochi moto. Hawakumwaga hata tone la petroli.

Walitarajia chumba kiwake chote baada ya dakika 15 hadi 20. Kiliwaka baada ya dakika nne na nusu tu! Moshi na gesi za moto hujikusanya chini ya dari. Joto likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, mnururisho wake huvichoma vilivyo chini, na zulia, meza na mapazia hushika moto karibu kwa mpigo mmoja. Kuanzia hapo sakafu huungua popote hewa inapopenya. Moto ulipozimwa, madoa yaleyale yaliyoitwa ya petroli yalikuwepo. Mashtaka yakafutwa.

Maabara nayo ina mitego yake. Sponji ya kochi na nyuzi nyingi za zulia hutokana na mafuta ghafi, na zikiungua hutoa kemikali zinazofanana na za petroli. Ndiyo maana mchunguzi makini hukata pia kipande cha zulia mahali pasipotiliwa shaka, akakifunga katika kopo lisilopitisha hewa, ili kilinganishwe na kile kilichochukuliwa penye doa.

Mwaka 1992 ulitoka mwongozo wa Marekani wa uchunguzi wa moto, NFPA 921, ukidai kila dhana kuhusu chanzo cha moto ipimwe kabla ya kuitwa ushahidi. Nawasihi mahakimu na mawakili wetu: mkiletewa picha ya doa sakafuni katika kesi ya kuchoma nyumba, daini majibu ya maabara na kipande cha kulinganishia kabla mtu hajatiwa hatiani.