Mateka Mwenye Kitabu na Mateka Asiye Nacho

Ukishuka matatu pale Kona Baridi, ukishapita Kiserian, upepo unakusalimia kabla ya watu. Wengi hufika hapa wikendi kwa mambo mawili: mbuzi choma na picha. Ukisimama ukingoni, Bonde la Ufa limelala chini yako na barabara ya Magadi inateremka ikijikunja hadi inapotea. Mimi nilikuwa na jambo la tatu kwenye mkoba: No Picnic on Mount Kenya, kitabu cha Felice Benuzzi. Nilimaliza kurasa za mwisho nikingoja nyama, nikakifunga nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha ni rahisi kuieleza, kwa hivyo tuanze nayo.

Stori yenyewe ni tamu, tuipe haki yake. Januari 1943, Waitaliano watatu walitoroka kambi ya mateka wa vita Nanyuki. Hawakuwa wanatoroka kwenda kwao. Walitaka tu kupanda Mlima Kenya, kisha warudi. Vifaa vya kupandia walijiundia kwa vyuma vya kuokoteza, na picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama ikawasaidia kama ramani. Batian ikawashinda. Wawili wakafika Lenana, wakasimika bendera ya Italia, na baada ya siku 18 kundi zima likarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, wakatumikia 7.

Benuzzi anajua kuandika njaa, baridi na uchovu wa kungoja. Anajicheka mwenyewe bila kujidharau. Sehemu bora zaidi ni zile za kambini, pale ambapo siku zote zinafanana na mtu anaanza kuficha kipande cha chuma ili awe na sababu ya kuamka kesho. Yeyote aliyewahi kukwama mahali anapachukia atamwelewa. Mimi nilimwelewa kabisa, na hapo ndipo hasira ilipoingilia.

Kabla ya kutekwa, jamaa huyu alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni nchini Ethiopia. Italia iliivamia nchi hiyo Oktoba 1935, na tarehe 5 Mei 1936 majeshi yake yakaingia Addis Ababa. Lakini kitabu ni cha mlima, kwa hivyo Addis Ababa inabaki nyuma ya pazia. Msomaji anakutana na Benuzzi akiwa tayari mnyonge, anamhurumia, anamshangilia, na anasahau kuuliza alifikaje Afrika Mashariki. Ni kama vita vilianza siku alipozungushiwa seng'enge.

Sasa geuza ramani. Miaka ileile, kulikuwa na mateka wengine waliosafirishwa upande wa pili, kutoka Ethiopia kwenda Italia. Mmoja wao alikuwa Romanework, binti wa Haile Selassie. Mumewe, Dejazmach Beyene Merid, aliuawa na Waitaliano Februari 1937. Yeye na wanawe wakapelekwa uhamishoni Italia, wakapitia kisiwa cha Asinara. Alifia Turin mwaka 1940, akiwa bado mateka. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Mei 1941, baba yake aliingia tena Addis Ababa kwa shangwe. Romanework hakuiona siku hiyo. Hakuacha kitabu pia.

Kwa nini tunamjua Benuzzi na hatumjui yeye? Jibu la haraka ni kwamba Mzungu ana wachapishaji. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu baba yake naye alikuwa mwandishi. Haile Selassie alianza tawasifu yake akiwa uhamishoni Bath, Uingereza, na leo inasomwa kote duniani. Ndani yake huoni mke wa kabla ya Menen, wala mtoto asiyezaliwa na Menen. Na Romanework alizaliwa kabla ya Menen. Kiswahili kinamwita mwanamke kama huyu binti mfalme, yaani cheo chake chote kiko mdomoni mwa baba. Je, baba akinyamaza? Waitaliano walimtambua kuwa binti mfalme walipohitaji mateka. Kitabu cha baba yake hakikumtambua.

Na kuna mwingine wa kumweka kando yake. Mafalda alikuwa binti wa Vittorio Emanuele III, mfalme aliyejitwalia taji la Ethiopia mwaka 1936. Mume wake alikuwa mwanachama wa Nazi. Italia ilipomwacha Hitler Septemba 1943, Wajerumani walimkamata Mafalda, wakampeleka kambi ya Buchenwald, na huko akafa Agosti 1944 kwa majeraha ya mabomu ya ndege. Mwaka 2006 runinga ya Italia ilimtengenezea filamu. Sishindanishi makaburi hapa. Mafalda aliteseka kweli na anastahili kukumbukwa. Lakini huzuni ya mabinti hawa wawili ilitoka jikoni kumoja, na mmoja tu ndiye aliyeandaliwa meza.

Maaza Mengiste, mzaliwa wa Addis Ababa, alifanya kazi kubwa katika The Shadow King (2019), riwaya iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Shujaa wake ni Hirut, mtumishi wa nyumbani anayegeuka mpiganaji. Napenda uamuzi huo: haanzi ikulu, anaanza jikoni, kwa wale ambao hata baba wa kuwanyamazia hawakuwa naye kwenye vitabu. Lakini bado kuna chumba Turin ambacho hakuna mwandishi wetu aliyekifungulia mlango kwa namna tunayoweza kuikumbuka. Mama, watoto, lugha ngeni nje ya dirisha, habari za vita zikija nusunusu. Riwaya nzima iko hapo ndani.

Msomeni Benuzzi, tafadhali. Ni kitabu kizuri, na mlima ni wetu. Ila mkifika pale bendera inaposimikwa Lenana, msipige makofi haraka. Ulizeni nani mwingine alikuwa amefungiwa mwaka huo na miaka iliyotangulia, na wapi.

Nyama ilipoletwa ilikuwa imeshapoa, ndiyo Kona Baridi hiyo. Watalii wawili walikuwa wanauliza njia ya Mai Mahiu, wakaone lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano mwaka 1942. Wakaelekezwa vizuri. Bonde la Ufa likabaki pale chini, likienda zake kaskazini hadi Ethiopia.