Msamaria Mwenye Unga Mfukoni

Kwenye magazeti yetu "msamaria mwema" ni mtu asiye na jina. Anaokota mtoto aliyetupwa, anamkimbiza hospitali majeruhi wa bodaboda, kisha anatoweka kwenye aya inayofuata. Hatuulizi alikuwa anafanya nini pale. Tunachukulia kwamba alikuwa anapita tu.

Ndiyo maana jina la sheria moja ya Kanada limenikaa kichwani muhula mzima. Ilianza kutumika Mei 2017 na, kwa tafsiri yangu, inaitwa Sheria ya Msamaria Mwema kwa Waliozidiwa na Dawa za Kulevya. Nasoma uzamili wa fasihi, si wa sheria, kwa hiyo nimeisoma kama ninavyosoma hadithi fupi: nani yumo, anaogopa nini, na mwandishi amemnyima nini.

Msingi wake ni huu. Ukiomba msaada wa dharura kwa sababu wewe au mwenzako amezidiwa na dawa, hutashtakiwa wala kutiwa hatiani kwa kosa la kupatikana nazo, ikiwa ushahidi umeonekana kwa sababu uliomba msaada au ulibaki pale. Kinga hiyo inamgusa pia aliyezidiwa, na kila aliyepo msaada unapofika. Sababu yake inaeleweka. Heroini na fentanili huzima pumzi, na ubongo hauvumilii kukosa oksijeni kwa zaidi ya dakika chache. Naloksoni inaweza kuirudisha pumzi, lakini lazima awepo mtu wa kuita. Tangu 2016 dawa za jamii hiyo zimeua zaidi ya watu 50,000 nchini humo.

Msamaria wa Injili ya Luka alitoa fedha, mafuta na muda wake, lakini hakuna askari aliyekuwa akimsubiri. Huyu wa Kanada ana unga mfukoni. Hapiti njia. Yumo chumba kimoja na anayekufa, na pengine wametumia dawa ileile. Sheria inalijua hilo, na hapo ndipo ninapoisifu: haimdai mtu awe mwema kwanza ndipo simu yake ihesabike.

Lakini maneno yake ni ya mahakamani. Kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo ya baadaye, ya wakili na hakimu. Aliyeshika simu usiku anaogopa kitenzi kingine: kukamatwa. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Tumekua tukijua kwamba majeruhi anaweza kudaiwa PF3 kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Kitenzi hicho hakikuandikwa.

Mwaka 2020, huko Saskatchewan, mtu mmoja alizidiwa, simu ikapigwa, wenzake wakabaki naye. Polisi walifika, wakamkamata mmoja wao kwa kupatikana na dawa, na upekuzi uliofuata ukafichua silaha. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada. Mwaka 2025 majaji walio wengi waliamua kwamba asiyeweza kushtakiwa kwa kosa hilo hawezi pia kukamatwa kwa ajili yake.

Wapo watakaosema mahakama imeandika neno ambalo bunge liliacha. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa bunduki si jambo dogo. Hata hivyo, maandishi husomwa pamoja na kazi yaliyotumwa kufanya. Kinga inayoanza baada ya pingu haimfikii mtu anayesita kupiga simu, na ni kwa ajili yake sheria ilitungwa.

Pengo lililobaki ni kubwa zaidi, na mahakama haiwezi kuliziba kwa kusoma vizuri. Kinga haihusu biashara ya dawa. Katika sheria ya Kanada, biashara si kuuza tu. Kumpa mtu pia ni biashara. Kwetu neno la kitendo hicho ni "kugawana", na hulisikii likitajwa pamoja na mapapa wa unga. Wawili wakichanga, mmoja akaenda kuchukua, akamkatia mwenzake, yeye ndiye anayebaki nje ya kinga. Mara nyingi ndiye pia aliyekaa karibu zaidi na anayekufa.

Nadhani ni jina lililoipotosha sheria hii. Ukimwita mtu msamaria, unaanza kumtafuta mgeni asiye na hatia, na kila asiyefanana naye unamwongezea masharti. Bunge lilithubutu kumlinda mwenye unga wake mfukoni. Likamwacha aliyemega wake akampa rafiki, na rafiki huyo sasa hapumui.