Fani ya Mwongoza Wageni Katika Msitu wa Ngezi

Kuongoza wageni msituni ni kazi ambayo aghalabu huhesabiwa miongoni mwa huduma ndogondogo za utalii, ilhali ikichunguzwa kwa makini, hasa inapowahusu wazazi walioandamana na watoto wao, inastahili kuitwa fani, yaani kazi yenye elimu yake, kanuni zake na adabu zake. Fani hiyo hufichika pale ambapo maumbile yenyewe yana kishindo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, familia inayopanda kwenda Maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka takriban mita 170, huwa imekwisha kuahidiwa tunzo yake kabla ya kuanza safari, na hata mwongozaji asiye hodari husitiriwa na uzuri wa mwisho wa njia. Kisiwa cha Pemba, chenye vilima vifupi na mabonde yaliyofuatana, hakina mlima wala maporomoko ya kiasi hicho, na kwa sababu hiyo ndiko ufundi wa mwongozaji unakopimwa bila msaada.

Kipimo chenyewe ni Msitu wa Hifadhi wa Ngezi-Vumawimbi, wenye eneo la takriban hekta 1,440 katika Wilaya ya Micheweni, ambao hukatwa na barabara itokayo Konde kuelekea ufuo wa Vumawimbi. Humo zimetengwa njia fupi za miguu, mojawapo ikiwa njia ya Joshi, ambayo hutembewa kwa muda wa saa moja hivi, tena katika ardhi isiyo na mwinuko wa kumchosha mtoto. Mgeni asiye na wa kumwelekeza huweza kuimaliza njia hiyo na kutoka akisema kuwa ameona miti tu, kwa kuwa utajiri wa Ngezi si wa ukubwa bali ni wa upekee, na upekee hauonekani kwa macho matupu mpaka uelezwe.

Maelezo hayo huanzia baharini. Unguja iliwahi kuungana na bara wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, bahari ilipopungua kina, lakini Pemba imezungukwa na maji marefu yaliyoitenga kwa muda mrefu zaidi, na kutengwa huko kumezaa viumbe wa mahali pamoja, yaani wale ambao kwa asili hawapatikani penginepo duniani. Miongoni mwao ni mpapindi, mti wa jamii ya mnazi na mvumo, na ndege wa aina nne, ambao ni ninga, chozi, kinengenenge na bundi mdogo wa Pemba. Mwongozaji stadi hamlundikii mtoto majina hayo kwa mkupuo, bali humsimamisha chini ya mpapindi, akamwacha ashike shina lake, ndipo amwambie kwamba mti huo hauna kwao kwingine.

Hapo ndipo ilipo siri ya mwendo. Msafara wa familia huenda kwa hatua ya aliye mdogo kuliko wote, na anayejua kazi yake huzigawa nguvu za mtoto kama nahodha anavyogawa maji ya kunywa katika chombo, akijua pa kupumzika, pa kuonya juu ya mizizi iliyojitokeza ardhini, na pa kunyamaza ili msikilizaji atambue mlio mfupi, wa sauti moja, wa bundi yule wakati wa jioni. Kunyamaza kwa wakati wake ni nusu ya elimu hii, maana kisichoonekana kwa wingi wa majani mara nyingi husikika.

Faida ya fani hii haiishii kwa mgeni. Popo wa Pemba, mla matunda ambaye upana wa mabawa yake hufikia takriban mita 1.6, aliwindwa kwa ajili ya kitoweo hata mwaka 1996 akaorodheshwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Juhudi za wanakijiji na maofisa wa misitu zilimwongeza, na mwaka 2008 akashushwa daraja la hatari. Huko Kidike, kisiwani Pemba, popo hao hulala mchana juu ya miti iliyolindwa na wenyeji, na wageni huongozwa kwenda kuwatazama, hivi kwamba mnyama aliyekuwa nyama amekuwa chanzo cha riziki angali hai.

Kwa hiyo, mzazi anayetaka kuwatembeza watoto wake Pemba asitafute kwanza njia ndefu wala kilele cha kujivunia, bali amtafute mwongozaji mwenyeji, amsikilize, na amlipe ujira unaolingana na elimu yake. Nao wanaosimamia utalii kisiwani wana wajibu wa kuirithisha elimu hiyo kwa vijana, kwani msitu usio na wa kuueleza hukosa pia wa kuutetea.