Namba Iliyohama Kutoka Wayani: Jinsi ROLM Walivyounda CBX

Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kesi ya Thomas Carter, mfanyabiashara wa Texas aliyeuza kifaa cha kuunganisha redio ya upepo na simu ya kawaida. AT&T, kampuni kuu ya simu nchini humo, ilikuwa ikipinga chombo chochote kisicho chake kuungwa kwenye mtandao wake. Tume ikaamua kuwa mteja ana haki ya kutumia kifaa chake mwenyewe mradi hakidhuru mtandao. Kuanzia hapo, ofisi iliweza kununua swichibodi kwa muuzaji mwingine.

Baadhi ya waliochangamkia nafasi hiyo hawakuwa mafundi wa simu. Wahandisi wanne waliosoma Chuo Kikuu cha Rice, yaani Gene Richeson, Ken Oshman, Walter Loewenstern na Robert Maxfield, walianzisha kampuni California mwaka 1969 na kuipa jina kutokana na herufi za kwanza za majina yao ya ukoo: ROLM. Walianza kwa kutengeneza kompyuta za kijeshi zinazostahimili mtikisiko, vumbi na joto. Mwaka 1975 wakaiweka kompyuta yao ya biti 16 ndani ya kabati la simu za ofisi, wakaiita CBX.

Kompyuta kuongoza swichibodi halikuwa jambo geni kabisa. Bell Labs, maabara ya kampuni hiyo kuu ya simu, walikuwa na mtambo wa 101 ESS tangu 1963. Lakini kompyuta ya mtambo ule ilikaa kwenye jengo la kampuni ya simu, na kwa mteja kukawekwa sehemu ya kuunganishia tu. ROLM waliihamishia kompyuta ofisini kwa mteja, na uamuzi huo ndio uliozaa karibu kila sifa iliyoipa CBX umaarufu.

Katika mitambo ya zamani namba ya ndani ilikuwa mali ya waya. Mhasibu akihamia ghorofa ya tatu, fundi alikuja kufungua na kufunga nyaya upya, na ankara ikamfuata. Ndani ya CBX, namba yake, tuseme 214, ni mstari mmoja tu wa jedwali lililo kwenye kumbukumbu ya kompyuta: inaita kwenye soketi ipi, ina ruhusa ya kupiga simu za mbali au haina, ikiwa haipokelewi ipelekwe wapi. Msimamizi anaketi kwenye kibodi, anabadilisha mstari, na mhasibu amehama na namba yake.

Sauti nayo iligeuzwa kuwa tarakimu. CBX ilipima sauti ya kila msemaji mara 12,000 kwa sekunde, kisha vipimo vya wasemaji wote vikapita kwenye njia moja kwa zamu, kila mazungumzo yakiwa na kipande chake cha muda. Kuunganisha watu wawili ni kuandika kwenye kumbukumbu nani asome kipande cha nani. Hakuna swichi ya chuma inayosogea, na hakuna mguso wa kuchakaa.

Hiyo 12,000 inastahili kutazamwa. Mitandao ya simu ilitumia vipimo 8,000, vinavyotosha kwa sauti ya hadi takriban hezi 3,400, lakini vinadai vichujio vikali kabla ya kupima. Ukipima mara nyingi zaidi, vichujio rahisi vinatosha. Gharama ya uamuzi huo ilikuja baadaye: kila CBX ilipounganishwa na laini za kidijitali za nje, vipimo vilibidi vigeuzwe. Hata hivyo, kwa mwaka 1975, ulikuwa uamuzi wa busara.

Wakurugenzi walishawishiwa zaidi na ankara. Mtu akipiga simu ya mbali, programu ilichagua laini nafuu kuliko zote zilizo wazi. Zikiwa zimejaa, iliweza kumweka kwenye foleni na kumpigia zamu yake ikifika. Kila simu iliandikwa: namba ya ndani, namba iliyopigwa, saa, muda. Hivyo meneja wa kawaida aliweza kuona idara ipi inakula fedha za simu. Kuhamisha simu, kuunganisha watu watatu, kupokea simu inayolia meza ya jirani: yote yalifanyika kwa simu ya kawaida ya nyaya mbili, kwa kubonyeza kitako cha mkono wa simu na kupiga tarakimu chache. Simu za vitufe vingi zilizotangulia zilihitaji kebo nene ya jozi 25 za nyaya kwa kila meza.

Udhaifu wake ulikuwa palepale penye nguvu. Kompyuta ikizimika, ofisi nzima inanyamaza. Ndiyo maana iliwezekana kuagiza kompyuta ya pili ya akiba.

IBM waliinunua ROLM mwaka 1984, kisha ikaishia mikononi mwa Siemens. Lakini jedwali halikufa. Asterisk, programu huria ambayo Mark Spencer aliianza Alabama mwaka 1999, inaongoza simu za ofisi kwa mantiki ileile ikiwa ndani ya kompyuta ya kawaida. Kwa hiyo anayenunua swichibodi leo, iwe Nairobi au Mwanza, asianze na idadi ya vitufe. Amuulize muuzaji nakala ya jedwali inahifadhiwa wapi, nani ana nywila ya kulibadilisha, na umeme ukikatika ni laini zipi zitaendelea kufanya kazi.