Mlango, Damu na Mwanamke: Usawiri wa Jinsia katika Filamu ya Sinners

Suala la uwakilishi wa jinsia katika sanaa hujibiwa mara nyingi kwa kuhesabu wahusika. Kwa kipimo hicho, filamu ya Sinners (2025) ya Ryan Coogler imefaulu. Katika ukumbi mmoja wa muziki huko Mississippi, mwaka 1932, wanakutana Annie, mganga Mweusi, Grace, mwenye duka wa asili ya Kichina, Pearline, mwimbaji, na Mary, mwenye asili ya Kiafrika lakini anayechukuliwa kuwa Mzungu. Nje wamesimama wanyonya damu wasioweza kuingia bila kukaribishwa. Makala haya yanadai kwamba kipimo kifaacho zaidi ni mlango huo: nani anaujua, nani anaufungua, na kwa gharama gani.

Mlango wa namna hii si mgeni kwa mtu wa Kiriaini, au wa kwingineko Murang'a na Nyeri, aliyelelewa kwa ngano za irimu, zimwi la Wagikuyu. Katika ngano mashuhuri ya mke wa mhunzi, mume yuko mbali akifua vyuma. Irimu anaingia nyumbani kama msaidizi wa mzazi, kisha anamnyima chakula. Mama huyo anaanika mbegu za mbarika, anapatana na ndege anayezila, na ndege anampelekea mhunzi ujumbe. Anayeua ni mume, lakini mbinu ni ya mke, naye anaokoka.

Annie ana maarifa kama ya mwanamke huyo. Ndiye anayewatambua wanyonya damu na kueleza namna ya kuwazuia. Tena, anapoumwa, anamtaka Smoke amuue kabla hajageuka. Uamuzi huo unampa mamlaka juu ya mwili wake, ila ni mamlaka yanayokoma papo hapo. Grace naye, kwa kuhofia maisha ya binti yake, ndiye anayetamka maneno ya kuwakaribisha maadui. Hivyo lawama ya maangamizi inawekwa kinywani mwa mwanamke, kama ilivyo katika visasili vingi. Mary anatoka kuzungumza na wageni kwa kuwa rangi yake inamruhusu, anarudi amegeuka, na anamnasa Stack kwa mapenzi.

Inaweza kutetewa kwamba wanaume nao wanakufa. Hoja hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Smoke anapewa pambano la kishujaa kabla ya kufa, na Sammie anaiona asubuhi akiwa binadamu, gitaa lake lililovunjika mkononi. Kati ya wanawake wakuu wanne, hakuna anayefika mapambazuko akiwa binadamu. Mary anadumu, ila amelipoteza jua.

Kwa hiyo ngano yenye mwanamke mmoja tu, asiye hata na jina, inampa mwanamke uwezo ambao filamu yenye wanawake wa asili mbalimbali haikumpa yeyote kati yao: kutumia maarifa yake na kubaki hai. Wahakiki wa filamu watafaidika wakianzia hapo kabla ya kuhesabu wahusika.