Kompyuta Iko Moshi, Karatasi Iko Marekani

Leo naomba nilalamike kidogo. Kuna kitu kinanikera kila nikifungua programu ya kubuni mabango. Jina lake sitalitaja, maana zenye tabia hiyo ni zaidi ya moja. Unabofya "faili mpya", unapewa ukurasa wa Letter, tena kwa inchi. Siku ya kwanza kompyuta iliniuliza niko nchi gani, nikajibu Tanzania. Saa yake inasoma vizuri tu. Kumbe kwenye karatasi lile swali lilikuwa la adabu tu! Letter ni karatasi ya Marekani na Kanada. Mimi steshenari za Moshi mjini sijawahi kuikuta.

Utaniambia tofauti ni milimita chache. Kweli, Letter ni 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297. Ukichapa ripoti, mashine inaipunguza kidogo, inaacha wazi kama sentimita mbili na nusu, maisha yanaendelea. Shida ni bango.

Mwenzangu alitengeneza bango kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga inayotoa maji mtoni na kuyafikisha vihambani. Alichagua templeti ya bango la kisayansi, nzuri kwa macho, yenye umbo la Letter, akijua itakuzwa hadi A0. Sasa A0 ni milimita 841 kwa 1,189. Kuza Letter mpaka upana ujae, urefu utaishia 1,088 hivi. Zinabaki sentimita 10 tupu. Kijana wa steshenari, kwa nia njema kabisa, akaivuta mpaka ikajaa.

Hapo kila kitu kilirefuka kwa asilimia 9 bila kupanuka. Duara zikawa mayai, tukacheka. Halafu tukaitazama ramani. Mstari wa skeli ulikuwa umelala, kwa hiyo ulisema kweli ukipima mashariki hadi magharibi, na ukadanganya ukipima kaskazini hadi kusini, na maji ya upande huu wa Kilimanjaro hushuka hasa kuelekea kusini. Mchoro wa mkato ulikuwa mbaya zaidi. Uhai wa mfongo ni mteremko wake: ukizidi maji yanakula kingo, ukipungua yanatuama na kujaza tope. Kukuza wima kunaruhusiwa, ila unaandika umekuza mara ngapi. Hapa hakuna aliyeandika, kwa sababu hakuna aliyejua.

Kwa A4 hili lisingetokea. Kunja A4 katikati upate A5: umbo ni lile lile, kwa kuwa urefu ukigawanywa kwa upana unatoa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414. Mwanafizikia Mjerumani Lichtenberg aliueleza uwiano huo kwenye barua ya mwaka 1786, na Ujerumani ikaufanya kiwango rasmi mwaka 1922. A0 ina eneo la mita 1 ya mraba na inatoa A4 16. Ndiyo maana karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu nzima kilo 2.5. Kapime kwenye mizani ya duka la nyama kama hunisadiki.

Watetezi husema mipangilio inabadilishwa. Sawa, nilibadilisha. Ukifungua templeti nyingine inakuja na ukubwa wake yenyewe, na ukibadilisha ukurasa ukiwa katikati ya kazi, visanduku vyako vinabaki palepale vilipokuwa, kimoja kikining'inia nje. Mzoefu atajua pa kubofya. Lakini templeti ziliwekwa kwa ajili ya nani, kama si yule asiyejua bado?

Mimi sasa nina faili moja la A0 nimeliita TUPU, kila bango naanzia hapo. Mwenzangu alichapa upya kwa hela yake. Bango la kwanza tumelitandika kwenye meza ya chai, mayai juu.