Fundi Anayekataa Kubahatisha

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mwenye gari hutaka mambo mawili: izime, na isirudi. La kwanza ni jepesi. Yeyote mwenye mashine ya kupima ataichomeka chini ya usukani, abonyeze, na taa itazimika. La pili ndilo ufundi wenyewe. Niliuona vizuri katika gereji moja ya Ilala, nilipomtazama fundi asubuhi nzima akisaka hitilafu ambayo wenzake walikuwa wameshaifukuza, nayo ikarudi.

Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, lenye injini ya silinda nne. Msimbo wa hitilafu uliosomwa na mashine ulikuwa P0171. Misimbo hii ilienea baada ya Marekani kulazimisha magari madogo mapya ya mwaka 1996 na kuendelea yawe na mfumo mmoja wa kujipima na soketi moja ya pini 16. P ni ya injini na gia, sufuri inaonyesha kuwa msimbo ni wa watengenezaji wote, na 1 inayofuata inahusu mafuta na hewa. P0171 yenyewe inamaanisha kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta yanayostahili. Ili petroli iungue vizuri, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa, na injini hii ilikuwa inatoka nje ya kipimo hicho.

Hapo ndipo msimbo unapoishia. Unataja dalili, hautaji kifaa. Hewa ya ziada inaweza kuingia kwenye mpira uliopasuka. Mafuta yanaweza kupungua kwa sababu pampu imechoka au nozeli zimeziba. Sensa inayopima hewa inaweza kuwa chafu ikatoa hesabu pungufu. Hata ekzosi ikitoboka kabla ya sensa ya oksijeni, sensa hiyo hudanganywa na hewa ya nje. Gari hili lilikuwa limeshabadilishiwa sensa ya oksijeni, kisha pampu ya mafuta, na kila mara lilitoka gereji taa ikiwa imezimika. Sababu ni kwamba msimbo ukifutwa, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, husahau iliyokuwa imejifunza, na kwa hitilafu ya aina hii huhitaji kuiona katika safari mbili mfululizo ndipo iwashe taa tena. Mteja hulipa, huondoka ameridhika, na siku chache baadaye anarudi palepale.

Fundi wangu hakuwabeza waliomtangulia. Alianza kwa kusoma kumbukumbu inayohifadhiwa pamoja na msimbo, yaani hali ya injini ilivyokuwa hitilafu iliponaswa. Kumbukumbu hiyo hufutika msimbo unapofutwa, ndiyo maana hakukimbilia kufuta. Ilionyesha injini imeshapata moto na mwendo ni sufuri: gari lilikuwa limesimama, pengine kwenye foleni. Aliandika hayo kwenye kipande cha boksi. Kijana wake alikuwa ameshashika bisibisi.

"Dogo, iweke chini kwanza. Bado hatujajua."

Kisha akaiwasha injini, akaiacha ipate moto, akatazama asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi ilikuwa ikiongeza ili kufidia upungufu. Injini ikizunguka polepole, ilikuwa ikiongeza karibu 25. Alipokanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza ikashuka hadi kama 6. Akatabasamu, maana tofauti hiyo ilimwambia mengi. Kijiko cha chumvi huharibu kikombe cha uji, lakini kijiko hicho hicho kwenye sufuria la pilau la shughuli hakisikiki. Ndivyo lilivyo tundu linaloingiza hewa isiyopimwa: injini ikivuta hewa kidogo, tundu linaonekana kubwa, ikivuta nyingi, linamezwa. Pampu iliyochoka ingefanya kinyume, kwa kuwa nyongeza ingepanda kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Sensa chafu ya hewa nayo kwa kawaida huonekana zaidi kwenye mwendo mkubwa. Bila kufungua nati hata moja, alikuwa ameshaziweka pembeni tuhuma kubwa zote isipokuwa moja.

Kabla ya kuiwasha, injini ilipokuwa bado ya baridi, alikuwa amejaza moshi mwembamba wa mafuta kwenye njia ya hewa ili uonyeshe unapotokea. Haukutokea popote. Fundi mwenye haraka angesema njia ya hewa ni nzima, akahamia kwenye nozeli. Yeye alirudi kwenye kipande chake cha boksi: hitilafu ilinaswa injini ikiwa ya moto. Sasa akaizima ikiwa imechemka vizuri, akapuliza moshi tena, akaingiza kioo kidogo na tochi chini ya manifoldi. Moshi ulikuwa unapenya kwenye kona ya mpira unaorudisha mvuke wa oili ndani ya injini. Oili ilikuwa imeulainisha mpira kwa miaka mingi, na ufa ulikuwa upande wa chini, lisikofika jicho. Ukiwa wa baridi ulijifumba. Ukipata moto ulifunguka.

Hata hapo hakuagiza spea. Aliwasha injini, akaubana mpira kwa koleo kati ya ufa na manifoldi, akageuza macho kwenye mashine. Nyongeza ya mafuta ikaanza kushuka papo hapo. Alipoachia, ikapanda. Akabana tena, ikashuka. Huo ndio ushahidi: sababu unaishika mkononi, ukiiwasha na kuizima kwa hiari yako. Baada ya kufunga mpira mpya, aliliendesha gari kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro hadi Kimara na kurudi, lipate joto lile lile na kusimama kule kule, mpaka nyongeza ikatulia karibu na sufuri. Ndipo akaandika kwamba kazi imekwisha.

Kinachonisumbua ni bei. Mpira ule ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na pampu ambayo gari halikuihitaji, na wateja wengi hupenda kulipia kile wanachoweza kukishika. Fundi akitoza saa zake za kusoma namba na kungoja injini ipate moto, anaambiwa anatoza bure. Kwa hiyo tunawafundisha mafundi kubahatisha: anayebadilisha kifaa kikubwa analipwa haraka, anayefikiri analalamikiwa. Atakayetaka taa isirudi abadili anachokilipia. Akubaliane na fundi bei ya kupima, kando kabisa na bei ya spea. Na kabla kifaa chochote hakijanunuliwa, aulize swali moja: umethibitishaje kuwa hiki ndicho? Fundi mwenye jibu la swali hilo anastahili malipo yake yote, hata kama tatizo limekuwa ni ufa wa mpira.